Shajara ya mradi: mwako wa mwili na chanjo, masomo ya sauti kwa Nakivale

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Tumeanza leo. Mradi ni mdogo: masomo sita ya sauti kwa Kiswahili, kila moja dakika nane hivi, yatakayotiwa kwenye memori kadi na kuchezwa kwenye spika za vikundi vya akina mama na vya wafugaji hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Swali tunalolifuata ni moja. Mwili wa mtu au wa ng'ombe unapowaka, yaani unapopata joto, kuvimba na kuuma, chanjo inafaidika au inaumia?

Sista, muuguzi ninayefanya naye kazi, anaandika upande wa watoto. Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo, naandika upande wa ng'ombe na mbuzi. Kisha tunabadilishana madaftari na kila mmoja anamkosoa mwenzake bila kuoneana haya.

Nimeulizwa kwa nini Kiswahili, na sisi tuko wilaya ya Isingiro ambako wenyeji ni Wanyankore. Makazi haya yamepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Mkongo na Mrundi wakikutana bombani wanaongea Kiswahili, na mchuuzi wa ng'ombe anayetoka Mbarara anacho cha sokoni kinachotosha kabisa. Kwa nini watoto na mifugo pamoja? Kwa sababu asubuhi nachanja mbuzi wa mama fulani, na kabla sijafunga kisanduku ananiuliza juu ya homa ya mtoto wake. Maswali yake kuhusu mbuzi na kuhusu mtoto ni yale yale.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku nzima imeishia kwenye neno moja.

Jambo lenyewe sote tunalijua: mahali fulani mwilini panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba, panauma. Mrumi aitwaye Celsus alizitaja dalili hizo nne karibu miaka 2,000 iliyopita, na mimi bado nazitafuta hizo hizo kwenye goti la ndama. Ila hali hiyo tuiiteje?

Sista aliandika "uvimbe". Nikamwambia, ukimweleza mama kwamba mtoto ana uvimbe ndani, yeye amesikia saratani. Vitabu vingine vinaandika "uchochezi". Hilo nililikataa kwa nguvu. Hapa wapo watu waliochomewa nyumba kwa sababu ya maneno ya wachochezi, na neno hilo likitoka kwenye spika watashika vichwa kabla hawajasikia linalofuata. "Mwasho" nao ni kujikuna tu.

Jioni tukatulia kwenye "mwako". Mama akimshika mtoto mwenye homa husema anawaka moto, na mfugaji husema kidonda kinawaka. Zaidi ya hapo, neno hili linakuja na vitenzi vyake: mwako unawashwa, unakolezwa, unazimwa, au unafuka chini kwa chini siku nyingi. Vitenzi hivyo vyote tutavihitaji.

Jumamosi, 13 Septemba

Somo la 1 limerekodiwa na limesikilizwa mara ya kwanza, na wafugaji 11, chini ya mti karibu na josho.

Tulianza na farasi. Miaka ya 1920 huko Ufaransa, daktari wa mifugo Gaston Ramon alikuwa akiwadunga farasi sumu ya dondakoo iliyovunjwa makali, ili damu yao itoe dawa ya kutibu watoto. Akaona kwamba farasi waliopata jipu pale sindano ilipoingia ndio waliotoa dawa nyingi zaidi. Basi akaanza kuchanganya chanjo na vitu vya kuuchokoza mwili kwa makusudi, makombo ya mkate na tapioka. Nilipoeleza kwamba tapioka ni wanga wa muhogo, Wakongo waliokuwepo walipiga makofi. Mwaka 1926, Uingereza, Alexander Glenny akaonyesha kwamba chumvi za alumini zinafanya kazi hiyo vizuri, na hadi leo zimo kwenye chanjo nyingi za watoto na za mifugo.

Kitu kama hicho tumekiita "kikolezo". Nakiri tulifurahi sana tulipolipata neno hili. Mpishi anakoleza mchuzi na anayekaa jikoni anakoleza moto, na kitu hiki kinafanya yote mawili: kinaifanya chanjo iukolee mwili, na kinaukoleza mwako mdogo pale bega lilipodungwa. Ule mwako ndio unaoziita seli za kinga zije zione kilicholetwa. Bila mwako, vipande vya kijidudu kilichouawa vinaweza kupita mwilini kama mgeni asiyebisha hodi.

Kisha mzee mmoja Mnyankore, mwenye ng'ombe wa pembe ndefu na wachache wa Friziani, akasimama na fimbo yake.

"Dokta, mwaka jana mlichanja kalusu. Ng'ombe wangu akatoka nundu shingoni, na maziwa yakapungua siku mbili. Nikasema moyoni, hawa wametudunga dawa iliyooza. Leo unaniambia ile nundu ilikuwa kazi?"

Kalusu ndilo jina la huku la ugonjwa wa miguu na midomo. Nikamjibu ndiyo, mzee, nundu ndogo isiyokua, inayokwisha yenyewe, ni kikolezo kikifanya kazi yake. Nundu inayozidi kukua, yenye joto kali na usaha, hiyo ni sindano chafu, na inabidi niitwe. Akakaa, akafikiri, akauliza hicho kikolezo kinatoka wapi.

Hapo ndipo palipokuwa patamu. Chanjo nyingi za kalusu kwa ng'ombe zina alumini pamoja na saponini, na saponini inayotumika kwenye chanjo hutolewa kwenye ganda la mti wa Chile uitwao Quillaja saponaria. Ukilikoroga ganda hilo majini linatoa povu. Jina saponini na neno letu sabuni ni ndugu wa mbali. Na chanjo mpya ya malaria ya watoto, R21, iliyozinduliwa hapa Uganda Aprili mwaka huu kule Apac kwa wilaya 105, kikolezo chake kinatengenezwa kwa saponini ya mti huo huo. Kilichoikoleza chanjo ya ng'ombe wa mzee ni jamaa wa kinachoikoleza chanjo ya mjukuu wake. Wazee walitazamana. Sijawahi kuona kikao cha chanjo kikiwa kimya namna ile.

Jumatatu, 22 Septemba

Somo la 2 ni kinyume cha la kwanza, na ndilo lililotufanya tuuanzishe mradi huu.

Mwaka 2014 ulitoka utafiti uliowalinganisha watu wazima wa Entebbe na wa Lausanne, Uswisi. Wote walichanjwa homa ya manjano kwa chanjo ya 17D, ile iliyotengenezwa miaka ya 1930 na ambayo sasa iko kwenye ratiba ya watoto wa Uganda. Mwitikio wa watu wa Entebbe ulikuwa hafifu zaidi, wa seli na wa kingamwili pia, zile silaha za damuni zinazomkamata mgeni. Watafiti walipoitazama damu iliyochukuliwa kabla ya sindano, waliona kwamba mfumo wa kinga wa watu wa Entebbe ulikuwa tayari umeamshwa: seli zilizochangamka, nyingine zilizochoka, na monositi, aina ya seli nyeupe za damu, zenye tabia ya mwako. Inatia uchungu kidogo kwamba jambo hili lionekane Entebbe, mji ambao taasisi yake ya virusi ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano yenyewe.

Tulitafuta namna ya kulisema hili bila maabara. Sista ndiye aliyeipata. Nyumba ambayo sigiri inafuka ndani tangu asubuhi, kitambaa kikianza kuungua chumbani nani ataunusa moshi wake? Mwili unaoishi na malaria ya kila mara, kichocho, minyoo na maji machafu unaweza kuwa nyumba ya namna hiyo. Zaidi ya hayo, 17D ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kinachohitaji kuzaliana kidogo ili mwili ukijue. Kikiukuta ulinzi umeshika silaha tayari, kinaweza kukatwa kabla hakijajulikana.

Kwangu mimi mfano wa karibu ni nagana. Ng'ombe mwenye vimelea vya mbung'o damuni huitikia chanjo vibaya. Wataalamu wa mifugo wamelijua hilo kwa miongo mingi. Ndiyo maana ng'ombe aliyekonda na kusimamisha manyoya namtibu kwanza, ndipo namrudia na chanjo.

Sentensi moja tumeirudia mara tatu katika somo hili, na tutairudia kwenye mengine: mwitikio hafifu si sawa na kukosa kinga. Watu wa Entebbe walipata kingamwili, ila pungufu kuliko za Lausanne. Asitokee mama akasema, mwanangu ana minyoo, basi chanjo ya nini.

Ijumaa, 26 Septemba

Mvua juu ya mabati imeharibu dakika sita za somo la 3. Tumerekodi upya saa nne usiku, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, hakuna kliniki, kwa hiyo tulipata siku nzima ya kubishana.

Nilikuwa nimeandika somo la 4 kwa kujiamini: mwako kabla ya chanjo ni mbaya. Sista akaniwekea mezani utafiti wa mwaka 2022. Watafiti walikusanya vipimo vya damu vya vijana 820 wenye afya, waliopewa chanjo 13 tofauti. Waliokuwa na dalili nyingi za mwako katika damu kabla ya kuchanjwa ndio waliotoa kingamwili nyingi zaidi. Kinyume kabisa cha nilichoandika.

Nilikasirika, kisha nikaona haya. Nilitaka somo liwe fupi na sayansi ikakataa. Tumekaa na jambo hili tangu saa tatu hadi jua likainama, na maelezo ninayoyaona mimi kuwa ya kweli zaidi ni haya: neno "mwako" linabeba vitu viwili. Kuna makaa yanayongoja kupulizwa, yaani kijana mzima ambaye seli zake ziko macho na zinaitika haraka. Na kuna moshi wa siku zote, mwili uliochoshwa na maambukizi yasiyoisha au na uzee. Huo wa uzee una hata jina lake tangu mwaka 2000, alilotunga Mwitalia Claudio Franceschi kwa kuunganisha neno la mwako na la kuzeeka. Kipimo cha damu kinaweza kuona joto katika hali zote mbili, na hali zenyewe zikawa mbali kama Kabale na Karamoja. Isitoshe, chanjo iliyouawa na chanjo hai hazitaki kitu kile kile kutoka kwa mwili.

Kisha Sista akaongeza la pili. Kama tatizo ni minyoo, si tuwape akina mama dawa ya minyoo, chanjo za watoto zikolee? Limeshajaribiwa, na limejaribiwa hapa Uganda: Entebbe, wanawake wajawazito 2,507, wengine wakipewa dawa za minyoo na wengine vidonge vitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Watoto wao waliitikia chanjo za BCG (ya kifua kikuu), pepopunda na surua karibu sawasawa. Dawa ya minyoo ina faida zake nyingine, lakini haikuinua chanjo kama watu walivyotumaini. Baadaye kundi hilo hilo la watafiti likaenda kwa vijana wa shule, pamoja na wale wa visiwa vya Koome ambako kichocho ni cha kila siku, kuona kama kutibu kichocho mara nyingi zaidi kutabadilisha mwitikio wa chanjo kadhaa. Kwa BCG, haikubadilika.

Nimelifuta somo la 4 lote na kuliandika upya. Sasa linaanza hivi: "Leo tutawaambia jambo ambalo watafiti wenyewe bado wanalivuta huku na huku." Naamini msikilizaji wa Nakivale anastahili kuambiwa hivyo. Amewahi kudanganywa na wenye uhakika mwingi mno.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kosa letu, na ni letu peke yetu.

Mama mmoja kutoka Rubondo alimjia Sista kliniki na mtoto wa miezi mitatu na nusu. Hakuwa mgonjwa. Alitaka achomwe tena. "Sista, spika ilisema chanjo ikifanya kazi mwili unawaka. Huyu wangu hakuwaka. Alilala, akanyonya, akacheka. Basi dawa haikuingia."

Aliacha shamba, akalipa boda, kwa sababu ya sentensi niliyoiandika mimi. Ilikuwa katika somo la 1: "Ukiona joto na uvimbe mdogo, ujue chanjo inafanya kazi." Masikio ya mama yaliigeuza, kama masikio yoyote yangefanya: nisipoona, haifanyi. Sentensi haikuwa na uongo ndani yake, na bado ilimtia mama mashaka siku nne usiku na mchana.

Sista alimketisha akamweleza taratibu kwamba mwako wa chanjo mara nyingi ni mdogo kiasi cha kutoonekana. Unatokea ndani ya msuli na kwenye tezi za karibu, kwa seli chache, na mtoto anapata kinga yake bila homa hata kidogo. Watoto wengi wanachanjwa wasichemke, na wanalindwa. Mama akauliza kama ana hakika. Sista akamfungulia kadi, akamwonyesha tarehe, akamwambia tarehe hizo ndizo za kushika.

Tumezikusanya memori kadi zote za somo la 1. Zilitoka 14, zimerudi 12. Mbili ziko kwa vijana wanaozichezea muziki na tumewaomba VHT, wahudumu wa afya wa vijiji, wa kanda wazitafute. Sentensi mpya inasema: "Joto dogo likija, usiogope. Lisipokuja, usiogope vilevile." Tumemrudishia mama yule nauli yake, na ameomba awe anasikiliza masomo yetu kabla hayajatoka. Tumekubali mara moja. Tungemhitaji tangu mwanzo.

Jumatatu, 3 Novemba

Somo la 5 linahusu parasetamo. Akina mama wengi hapa humpa mtoto nusu kidonge nyumbani kabla ya kwenda kliniki, ili asichemke. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Jamhuri ya Cheki kwa watoto 459: waliopewa parasetamo kwa kinga, kabla homa haijaja, walichemka mara chache zaidi, lakini pia walitoa kingamwili pungufu kwa chanjo kadhaa. Wengi wao bado walifika kiwango cha kinga. Ujumbe wetu ni mwembamba na tumeulinda usipanuke: usimpe dawa ya homa ambayo haijaja, ikija na mtoto akateseka, mpe kwa kipimo alichokuambia muuguzi, na kama muuguzi amekuagiza vingine kwa chanjo fulani, mfuate yeye. Msikilizaji wetu mpya aliusikia mara mbili, akasema neno "kipimo" litajwe kabla ya neno "mpe". Limehamishwa.

Humo humo tumetia kipande kifupi juu ya BCG, kwa kuwa akina mama huliogopa lile jipu dogo la bega. BCG ilizaliwa kwenye kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, kilichofugwa maabara miaka 13 na Calmette na Guérin hadi kikapoteza ukali. Mtoto wa kwanza aliipata mwaka 1921. Na kwenye utafiti wa Entebbe wa watoto wachanga 560, uliochapishwa mwaka 2021, waliochomwa siku ya kuzaliwa waliugua magonjwa mengine ya kuambukiza mara chache zaidi katika wiki sita za mwanzo kuliko wale ambao bado walikuwa wakingojea sindano. Inaonekana inauzoeza ulinzi wa kwanza wa mwili uamke vizuri. Huu ni mwako wa aina ya tatu, na Sista ameniomba nisiuingize tena kwenye mfano wa sigiri, utapasuka.

Jumamosi, 15 Novemba

Somo la 6, ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Wenyeji wanaiita amakebe. Nilieleza chanjo yake ilivyo ya pekee: tunamdunga ndama vimelea vilivyo hai na vyenye nguvu zao, mchanganyiko wa Muguga, ulioanzia Kenya, unaokaa ndani ya mtungi wa naitrojeni, ukishayeyushwa una saa chache tu. Dakika ile ile ndama anadungwa oksitetrasaiklini, dawa ya antibayotiki, ya muda mrefu. Anaugua kidogo, au haonekani kuugua, kisha anabaki na kinga. Ndama mwenye homa hachanjwi siku hiyo. Kipimajoto kinatangulia sindano.

Mzee wa pembe ndefu alikuwepo, na alikuwa amekaa vikao vyote, hata vya akina mama. Akanyoosha fimbo.

"Mwawaambia hawa mama wasitoe dawa kabla ya chanjo, itaizima. Nanyi kwa ndama mnatoa dawa pamoja na chanjo. Lipi ni lipi?"

Sikuwa na jibu kwenye karatasi. Nilimwomba dakika moja, nikatazamana na Sista, kisha nikamjibu. Parasetamo, mzee, inashika moto wa mwili wenyewe, ule unaoziita seli. Oksitetrasaiklini inamshika mgeni. Tumemwingiza ndama adui mzima asiyedhoofishwa. Tukimwacha huru atamuua kabla kinga haijajipanga. Dawa inamfunga miguu, mwili unapata siku za kumsoma uso.

Akamgeukia jirani yake akamtafsiria kwa Kinyankore, kwa maneno mengi kuliko yangu. Kisha akarudi kwangu: "Liweke kwenye spika. Si mimi peke yangu nitakayeuliza."

Somo la 5 na la 6 yanarekodiwa upya Jumanne, swali lake likiwa mwanzoni mwa la 6, kwa sauti yake mwenyewe. Ameahidi kuja saa moja asubuhi kabla ya kukama. Memori kadi moja kati ya zile mbili imepatikana. Ya pili bado.